Fasili za Kingavirusi Zinapogoma Kusasishwa: Utatuzi wa Matatizo katika Microsoft Defender

Mwongozo huu unahusu Microsoft Defender, programu ya kingavirusi inayokuja pamoja na Windows 10 na Windows 11, na unashughulikia hitilafu moja tu: programu ipo na inafanya kazi, lakini fasili zake hazisasishwi. Fasili ni mkusanyiko wa alama na kanuni ambazo programu huzitumia kuitambua faili hatari. Microsoft hutoa fasili mpya mara kadhaa kwa siku, na katika historia ya masasisho ya Windows huorodheshwa kwa namba KB2267602. Namba hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni toleo lililoandikwa pembeni yake, kwa hiyo kuiona imejirudia siku baada ya siku si dalili ya ugonjwa wowote.

Sasisho la fasili hupita hatua nne. Kompyuta huitafuta seva, huipakua faili, huihakiki saini ya faili hiyo, kisha huisakinisha. Kila hatua ina namna yake ya kushindwa na ina dawa yake, na dawa ya hatua moja haifai kitu katika hatua nyingine. Ushauri unaosambazwa zaidi, yaani kufuta folda ya SoftwareDistribution (ambamo Windows Update huweka faili inazopakua) na kuwasha upya kompyuta, unahusu sehemu ndogo tu ya hatua ya pili na ya nne. Mtu ambaye saa ya kompyuta yake imerudi nyuma miaka kadhaa anaweza kuifuta folda hiyo kutwa nzima asione badiliko lolote. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kujua sasisho limekwamia wapi, kabla ya kufuta au kuzima chochote.

Je, Defender ndiyo iliyo kazini?

Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwa mamlaka ya msimamizi, kisha andika:

Get-MpComputerStatus | Select AMRunningMode, AntivirusSignatureVersion, AntivirusSignatureLastUpdated

Safu ya kwanza ya jibu, AMRunningMode, ndiyo ya kuitazama. Ukisoma Normal, Defender ndiyo inayoilinda kompyuta na unaweza kuendelea. Ukisoma neno jingine, yaelekea kuna programu nyingine ya kingavirusi iliyoshika nafasi, na Defender imejiweka pembeni kama ilivyoundwa kufanya. Hali hii hutokea sana kwenye kompyuta mpakato zinazouzwa zikiwa na programu ya majaribio: muda wa majaribio huisha, fasili za programu hiyo husimama, mwenye kompyuta hudhani kwamba Defender ndiyo iliyoharibika, na wakati huohuo hakuna mlinzi yeyote mwenye orodha mpya. Chagua moja. Ama lipia leseni ya programu hiyo, ama iondoe kwa zana maalumu ya uondoaji inayotolewa na kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu uondoaji wa kawaida mara nyingi huacha mabaki yanayoifanya Windows iendelee kuamini kwamba programu bado ipo.

Safu ya tatu huonyesha tarehe na saa ya sasisho la mwisho. Kama ni ya leo au jana, huna tatizo la fasili hata kama onyo la zamani bado limebaki kwenye skrini.

Kuusoma msimbo wa hitilafu

Dirisha la Windows Security husema tu kwamba sasisho limeshindikana, na taarifa hiyo haimsaidii fundi. Fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, ingia kwenye folda ya C:\Program Files\Windows Defender, kisha andika MpCmdRun.exe -SignatureUpdate. Amri ikishindwa, mstari wa mwisho utakuwa na kitu kama hiki: Failed with hr = 0x80072EE7. Msimbo huo ndio ufunguo. Unapatikana pia katika Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, ukifuata njia ya Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Windows Defender, kisha Operational: tukio namba 2000 ni sasisho lililofaulu, namba 2001 ni lililoshindwa. Tukio la 2001 lina faida moja ambayo kidirisha cha amri hakina, nayo ni kutaja chanzo ambacho sasisho lilijaribu kuchukuliwa. Taarifa hiyo itatufaa baadaye.

Misimbo hii si ya kukariri. Inayoanza na 0x80072 ni ya mtandao. Inayoanza na 0x8024 hutoka katika huduma ya Windows Update. Na mingineyo ya 0x8007 ni malalamiko ya Windows yenyewe kuhusu diski, ruhusa au huduma zilizozimwa. Ukitaka undani zaidi wa misimbo ya mtandao, chukua tarakimu nne za mwisho na uzigeuze kutoka mfumo wa kumi na sita kwenda wa kumi kwa kikokotoo cha Windows. 2EE7 hutoa 12007, ambayo maana yake ni kwamba jina la seva halikupatikana. 2EE2 hutoa 12002, muda wa kusubiri umekwisha. 2EFD hutoa 12029, muunganisho na seva umeshindikana. 2F8F hutoa 12175, hitilafu ya usalama wa muunganisho. Tahadhari ni moja: 0x8024402C huvaa sare ya Windows Update, lakini mara nyingi chanzo chake ni jina la seva au proksi, yaani seva ya kati inayopitisha mawasiliano ya intaneti.

Kivinjari kinafungua kurasa, sasisho halipiti

Hii ndiyo dalili inayowapotosha watu wengi kuliko zote, kwa kuwa mtu huona kurasa zinafunguka na kuhitimisha kwamba mtandao hauna kosa. Kivinjari na huduma za Windows hazipiti lazima katika njia moja. Kivinjari hutumia proksi iliyowekwa kwenye akaunti ya mtumiaji, ilhali huduma za usuli husoma mpangilio wa WinHTTP, yaani wa mfumo mzima. Andika netsh winhttp show proxy. Jibu la kawaida kwa kompyuta ya nyumbani ni Direct access; ukiona anwani ya proksi ambayo huitambui, au ya ofisi uliyoondoka zamani, iondoe kwa netsh winhttp reset proxy.

Kama proksi haina kosa, jaribu nslookup go.microsoft.com. Jina lisipopatikana, safisha kumbukumbu ya majina kwa ipconfig /flushdns, na ikibidi badilisha seva ya DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, kwa muda, kwa mfano 1.1.1.1 au 8.8.8.8, ili uone kama tatizo ni la mtoa huduma wako.

Hatua inayofuata ni faili ya hosts, orodha ya majina na anwani ambayo Windows huisoma kabla ya kuiuliza DNS, iliyomo katika C:\Windows\System32\drivers\etc. Ifungue kwa Notepad. Mistari inayoanza na alama ya # ni maelezo tu na haina madhara. Mstari unaotaja update.microsoft.com au anwani nyingine ya Microsoft ukiwa na 127.0.0.1 au 0.0.0.0 mbele yake haukujiandika wenyewe. Umewekwa na programu ya kukreki leseni, na zana ya kuzuia masasisho, au na kirusi. Ufute, uihifadhi faili, kisha ujiulize ni kitu gani kingine ambacho aliyeuandika alikifanya.

Faili ya hosts ikiwa safi, hilo pekee halitoshi kuondoa shaka. Conficker, kirusi kilichoenea kuanzia mwishoni mwa 2008, kilizuia maombi ya majina ya tovuti za kampuni za usalama moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta bila kuigusa faili hiyo. Kwa hiyo ukiona tovuti zote zinafunguka isipokuwa za Microsoft na za watengenezaji wa kingavirusi, acha kulitafuta kosa la mtandao. Sakinisha fasili kwa mkono kama inavyoelezwa mwishoni, kisha endesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, ambao huiwasha upya kompyuta na kuikagua kabla Windows yenyewe haijapanda.

Msimbo wa kuisha kwa muda wa kusubiri, 0x80072EE2, una sababu za kawaida zaidi. Mtandao ni dhaifu, au bando limekwisha na mtoa huduma anarudisha ukurasa wa kununua jingine badala ya faili iliyoombwa, au Wi-Fi ya hoteli inasubiri uingize namba ya chumba. Kwa wanaotumia intaneti ya simu kuna jambo la ziada: Windows ikiuona muunganisho kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, inaweza kuahirisha masasisho bila kutoa msimbo wowote. Set-MpPreference -MeteredConnectionUpdates $true huruhusu fasili zipite hata hapo. Si lazima kuogopa gharama kupita kiasi, kwani kompyuta inayosasishwa mara kwa mara hupakua tofauti tu kati ya orodha ya zamani na mpya. Ni ile iliyokaa muda mrefu bila sasisho ndiyo italazimika kupakua orodha nzima, ambayo huzidi megabaiti 100.

Saa na vyeti vya usalama

Msimbo 0x80072F8F karibu kila mara humaanisha kwamba kompyuta imekataa cheti cha seva, na sababu ya kwanza ya kuangalia ni tarehe. Tofauti ya dakika chache haina neno. Tofauti ya miaka ndiyo huifanya kompyuta ikione cheti halali kuwa bado hakijaanza kutumika. Weka ukanda wa saa sahihi, ambao kwa Afrika Mashariki huandikwa UTC+03:00 Nairobi, kisha ulandanishe saa kupitia mipangilio au kwa amri ya w32tm /resync.

Ikiwa tarehe inarudi nyuma kila umeme unapokatika au kila waya unapochomolewa ukutani, betri ndogo ya duara iliyoko kwenye ubao mama imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni aina ya CR2032, inapatikana kwa maduka ya saa na vifaa vya umeme, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache baada ya kuchomoa umeme. Kurekebisha saa kwa mkono kila asubuhi ni kuahirisha tu, maana sasisho litashindwa tena siku utakayosahau.

Wenye Windows 7 wana kisa tofauti. Tangu tarehe 21 Oktoba 2019 fasili za Microsoft husainiwa kwa SHA-2 pekee, mbinu mpya zaidi ya saini, na Windows 7 isiyokuwa na masasisho KB4490628 na KB4474419 haiwezi kuithibitisha saini hiyo hata faili ikifika salama. Masasisho hayo yakisakinishwa, tatizo la saini huondoka. Mfumo wenyewe, hata hivyo, uliacha kupewa viraka vya kawaida Januari 2020. Kwa Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeahidi kuendelea kutoa fasili za Defender hadi angalau Oktoba 2028, hivyo fasili zikigoma huko, usikubali jibu jepesi kwamba «Windows yako imezeeka».

Kompyuta ya mtumba inayomtii mwenyewe wa zamani

Kompyuta nyingi za mtumba zilikuwa za makampuni, na makampuni huzielekeza kompyuta zake zichukue masasisho kutoka kwenye seva ya ndani badala ya Microsoft. Kompyuta inauzwa, diski inasafishwa nusunusu, amri inabaki. Dalili zake ni maandishi kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi yako ilhali wewe huna taasisi yoyote, msimbo 0x8024402C au 0x80240438, na tukio la 2001 linalotaja seva ya ndani kuwa chanzo.

Fungua Registry Editor, kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows, na uende kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate. Ukikuta WUServer yenye anwani inayoanza na http na kuishia na :8530, umempata mhusika: 8530 ni mlango wa kawaida wa seva za WSUS za makampuni, na seva hiyo pengine iko kwenye jengo la nchi nyingine, nyuma ya ukuta wa mtandao ambao kompyuta yako haitaufikia kamwe. Hifadhi nakala ya ufunguo huo kwa kuutoa kama faili, uufute, kisha uwashe upya. Angalia pia ufunguo jirani wa Policies\Microsoft\Windows Defender, hasa sehemu ya Signature Updates, kwa kuwa FallbackOrder iliyomo humo inaweza kuwa inaitaja seva ya ndani peke yake.

Kabla ya kufanya hivyo, hakikisha kwamba kompyuta ni yako kweli. Ikiwa ni ya mwajiri, ya shule au ya mradi, amri hizo zina mwenyewe na mahali pa kupeleka tatizo ni kwa msimamizi wa mifumo, ambaye huenda seva yake ndiyo iliyojaa au kuzimika.

Mara nyingine ufunguo hurudi baada ya kuwasha upya. Hapo kompyuta bado imeunganishwa na akaunti ya kazi. Amri ya dsregcmd /status itaonyesha, na sehemu ya Access work or school katika mipangilio hukuruhusu kuikata. Binafsi naona ni afadhali kusakinisha Windows upya kuliko kuendelea kufukuzana na amri moja moja, kwa sababu huwezi kujua ni mangapi mengine yaliyoachwa humo. Kama hata baada ya usakinishaji mpya skrini ya mwanzo inataja jina la kampuni na kudai barua pepe yake, kompyuta bado imesajiliwa na kampuni hiyo katika Autopilot, huduma ya Microsoft ya kuandaa kompyuta za makampuni, na ni kampuni yenyewe tu inayoweza kuifuta kwenye orodha. Mrudie aliyekuuzia.

Huduma zilizozimwa

Msimbo 0x80070422 husema kwamba huduma inayohitajika imezimwa. Fungua services.msc na utazame Windows Update, Background Intelligent Transfer Service na Cryptographic Services. Windows Update inaweza kurejeshwa kwa amri ya sc config wuauserv start= demand, ambayo lazima iwe na nafasi baada ya alama ya usawa. Ikiwa huduma inazimwa tena baada ya kuwasha upya, kuna kitu kinachoizima, na mara nyingi ni zana ya kuzuia masasisho iliyosakinishwa ili kuokoa bando, au programu ya kukreki iliyokutaka uzime kingavirusi kwanza kabla ya kuitumia. Zana ya namna hiyo iondolewe kabla ya kuendelea; ukiiacha, kila hatua nyingine ya mwongozo huu itadumu hadi kompyuta itakapowashwa tena.

Faili imefika, usakinishaji umegoma

Kwanza fanya jaribio linalotenganisha mambo: Update-MpSignature -UpdateSource MMPC. Amri hii huchukua fasili moja kwa moja kutoka kwa Microsoft bila kupitia Windows Update. Ikifaulu, Defender ni nzima na mtandao ni mzima. Mgonjwa ni Windows Update. Hapo, na hapo tu, ndipo folda ya SoftwareDistribution inapostahili kuguswa. Simamisha huduma kwa net stop wuauserv na net stop bits, ibadilishe jina folda iliyoko ndani ya C:\Windows badala ya kuifuta, kisha uwashe huduma tena. Orodha ya historia ya masasisho itaonekana tupu, lakini masasisho yenyewe yatabaki yamesakinishwa.

Jaribio lisipofaulu, tazama msimbo. 0x80070070 ni diski iliyojaa, tatizo la kila siku kwa kompyuta mpakato ndogo zenye gigabaiti 32 za hifadhi. 0x80070652 ni usakinishaji mwingine unaoendelea, subiri umalizike. Kwa 0x80070643 na hitilafu nyingine zinazofanana nayo, ondoa fasili zilizoharibika kwa MpCmdRun.exe -RemoveDefinitions -DynamicSignatures, kisha urudie -SignatureUpdate. Ikigoma bado, rekebisha faili za mfumo kwa DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikifuatiwa na sfc /scannow, kwa mpangilio huo.

Kabla ya kuusumbukia 0x80070643, soma namba ya sasisho iliyoandikwa kando yake. Januari 2024 msimbo huohuo uliwatokea watumiaji wengi wa Windows 10 kwa sasisho KB5034441, kwa sababu sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili ya urejeshaji ilikuwa ndogo mno. Sasisho hilo halikuhusiana na fasili hata kidogo, na ushauri wa kupanua sehemu ya diski ulioenea wakati ule haufai kwa KB2267602. Ni hatari kwa data bila faida yoyote.

Kusakinisha fasili kwa mkono

Pale ambapo intaneti haipo, au kompyuta inashukiwa kuwa na kirusi kinachozuia masasisho, pakua faili ya mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo salama. Kuna faili tofauti kwa Windows ya biti 32, ya biti 64 na ya ARM, na isiyo sahihi haitasakinishwa. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Digital Signatures, uhakikishe kwamba imesainiwa na Microsoft Corporation, halafu uihamishe kwa flashi. Ukiiendesha haionyeshi dirisha wala ujumbe wa kumaliza, jambo linalowafanya watu waibofye tena na tena. Subiri dakika chache, kisha urudie amri ya Get-MpComputerStatus uone kama toleo limebadilika. Kumbukumbu ya kilichotokea huandikwa katika C:\Windows\Temp\MpSigStub.log.

Toleo likibadilika kwa njia hii ilhali masasisho ya kujiendesha bado yanagoma, hatua ya kuhakiki na ya kusakinisha hazina kosa, na uchunguzi urudi kwenye proksi, DNS na amri za mwenye zamani. Lisipobadilika hata hapo, Defender yenyewe imeharibika: jaribu MpCmdRun.exe -ResetPlatform, ambayo huirudisha kwenye toleo lililokuja na Windows, na ikishindikana, endesha usakinishaji wa ukarabati kutoka kwenye faili ya ISO ya Windows ukichagua kubakiza faili na programu zako.